Kikao cha Saa Kumi na Dakika Arobaini

Nianze kwa kujitaja, maana Nesta hamsikilizi mtu ambaye hajajitaja. Mimi ni Sebastian Simwinga, fundi wa simu na kompyuta hapa Tunduma, na kushuku ndiyo kazi yangu. Mteja akiniambia simu imezima yenyewe, natazama kwanza kama imeingia maji. Akiapa kwamba haijaingia maji, ndiyo naifungua na kuikausha kabisa. Watu hawaipendi tabia hii yangu, lakini simu zao zinapona.

Nesta Namwinga ni dada yangu, mtoto wa baba mkubwa. Kazi yake ni kuandika maelezo ya watu. Ana chumba kimoja nyuma ya ghala la mahindi, chenye benchi, meza na printa inayokohoa, na humo wanaingia watu wenye mashauri ya mashamba, mirathi na mifugo, watu wanaojua vizuri kilichowapata ila Kiswahili cha kupeleka ofisini kinawapiga chenga. Wanakaa, wanasimulia, yeye anaandika. Hajasomea sheria na hadai kuisomea. Anacho kitu kimoja tu alichojifundisha mwenyewe, nacho ni swali. Kila msimuliaji akitaja jambo zito, Nesta huinua vidole kutoka kwenye herufi na kuuliza, "Uliona kwa macho yako, au uliambiwa?" Ukiona, anaandika umeona. Ukiambiwa, anaandika umeambiwa na nani. Nimewahi kumsikia akimuuliza hivyo mjane aliyekuwa analia, na mjane akafikiri, akasema aliambiwa.

Upande wa dirisha, kwenye chumba hichohicho, alikuwa anakaa Faith Nanyangwe na cherehani yake. Anashona sare za shule, za upande wetu na za Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Miaka kumi na mmoja walikaa hivyo, mmoja anagonga herufi, mwingine anakanyaga cherehani, wakigawana chai na kodi na kusengenya wateja waliokwisha kuondoka. Faith alikuwa na laini mbili kwenye simu yake, ya Tanzania na ya Zambia, kama nusu ya mji huu. Bando la Nesta likikata, alikuwa anapewa la Faith bila hata kuomba.

Kompyuta ya Nesta ni mzee mwenzangu. Ukiiwekea programu nzito inapumua tu. Ndiyo maana nilimwekea kihariri cha skrini nyeusi, programu ya kuandikia inayoendeshwa kwa amri: unafungua dirisha la amri, unaandika neno moja, na unabaki wewe na herufi zako, hakuna vitufe wala picha za kubofya. Nesta alikipenda kuliko mimi nilivyotegemea. Kinajaza skrini nzima, hakimwonyeshi kitu kingine chochote, na mtu wa kwenye benchi akichungulia haelewi anachokiona.

Tatizo lilikuwa umeme. Ukikatika, na betri ile imechoka, kila kitu kinapotea. Nikamwandikia mistari michache ya programu, mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na nilijivunia sana. Kila akifunga kihariri, kinaweka kumbukumbu ya alipoishia: mafaili yaliyokuwa wazi, mstari aliokuwa amesimama, hata maneno ambayo hajayahifadhi. Kumbukumbu hiyo niliiita kikao. Kila kikao kilipata jina kutokana na tarehe na saa ya kufungwa, na akifungua tena, programu inachukua chenye saa kubwa kuliko vyote, inamrudisha palepale. Nesta akaacha kabisa kuhifadhi kazi kwa amri yake mwenyewe. Alisema kikao kinakumbuka kuliko yeye.

Sasa, Jumatatu moja ya mwezi wa nane alikuja mzee Ngusa Ndalahwa kutoka bondeni Momba. Ni mfugaji, Msukuma, aliyehamia kule na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Anagombania kipande cha malisho karibu na mto na mwenyeji mmoja aitwaye Yonasi, na maelezo yake yalitakiwa yafike ofisini Chitete kabla ya Ijumaa, siku ya kusikilizwa. Alipotaja jina la Yonasi, Faith alisimamisha cherehani. Akasema wazi, mbele ya wote, kwamba huyo Yonasi ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, na kama mzee anaona vibaya yeye anaweza kwenda kushonea nje. Mzee Ngusa akasema akae, shauri ni la malisho na si la wake za watu. Faith akaendelea kushona.

Mimi sikuwepo, nilihadithiwa. Lakini nilipohadithiwa, sehemu hiyo niliishika.

Walifanya kazi mchana kutwa. Saa kumi na dakika hamsini mzee alitoka kunyoosha miguu na kunywa chai, na Nesta, kama kawaida yake mtu akitoka, akafunga kihariri. Bando lake lilikuwa limekwisha, na mtoto wa Ngusa alikuwa ametuma picha ya barua ya zamani iliyohitajika. Faith akamwashia la kwake, picha ikafunguka, mzee akarudi, wakaendelea. Saa kumi na moja na dakika arobaini Nesta alifunga kazi, akampeleka mzee nyumba ya kulala wageni. Faith alibaki kumalizia kola za sare, kisha akafunga mlango kwa ufunguo wake.

Jumanne asubuhi Nesta aliandika lile neno lake moja, na kikao kikarudi kikiwa pungufu. Kurasa tatu za mwisho hazikuwepo. Maelezo yalikatika pale mzee alipotoka kunywa chai, kana kwamba hakurudi.

Nikaitwa. Mzee Ngusa alikuwa kwenye benchi na kofia mapajani, Nesta amesimama, Faith dirishani na uzi mdomoni. Nilianza kushuku kwa utaratibu kama ninavyofanya siku zote. Nilimshuku kwanza Nesta, kwamba amebonya vibaya. Akasema amefunga kama alivyofunga kila siku, na saa aliitazama kwa simu yake, ilikuwa kumi na moja na arobaini. Nikaishuku kompyuta, kwamba diski imejaa. Haikujaa. Nikashuku umeme. Watu wa ghala la jirani wakasema haukukatika. Nikaita orodha ya vikao, majina matupu. Cha mwisho kabisa cha Jumatatu kilikuwa cha saa kumi na dakika hamsini. Kabla yake kulikuwa na cha saa kumi na dakika arobaini, ambacho sikukijali. Nani anatafuta maneno mapya kwenye kumbukumbu ya zamani? Cha saa kumi na moja na arobaini, kile ambacho Nesta aliapa amekifunga, hakikuwepo kabisa.

Hapo damu yangu ilichangamka. Nasema kweli, nilifurahi. Faili halijifuti lenyewe. Nikauliza nani alibaki ndani. Nilikuwa najua jibu.

"Seba, unasema mimi?" Faith akaniuliza. Alitoa uzi mdomoni kwanza, taratibu.

"Mimi sisemi," nikamjibu. "Mashine ndiyo inasema."

Akamgeukia Nesta. Alimtazama tu, kwa muda ambao hata mimi niliuona mrefu. Nesta alikuwa anatazama skrini. Alikuwa na mzee mwenye hasira kwenye benchi, shauri la Ijumaa, kurasa tatu zilizopotea na kaka aliyekuwa anaongea kwa uhakika kama mtu wa redio. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Faith akakunja kitambaa alichokuwa anashona, akaziokota kola moja moja, akatoka. Jioni alituma mtu wa mkokoteni kuja kuchukua cherehani. Ufunguo aliufunga kwenye kipande cha kitambaa cha sare, akampa yule mtu aulete.

Nami nilikuwa na maelezo ya kila kitu. Kumbe ndiyo maana alijitangaza kuwa ni shemeji wa Yonasi, ili asishukiwe. Kumbe ndiyo maana alitoa bando, ili ajue kilichofunguliwa. Kumbe kola zile hazikuwa na haraka. Mtu ukishaamua kumshuku mwenzako, hata wema wake unakuwa ushahidi, na mimi niliukusanya wote.

Mzee Ngusa alisimulia upya siku hiyohiyo, lakini si yule wa Jumatatu. Alisimulia kwa kifupi na kwa ukali, na mwisho akadai iongezwe aya moja: kwamba upande wa Yonasi umemtumia mwanamke wa ukoo wao kufuta maneno yake kwenye kompyuta. Nesta akaandika. Ile aya ilipita vidoleni mwake bila swali lake. Akachapa, mzee akaweka dole gumba, na Jumatano alfajiri akaondoka kwenda Chitete.

Jumatano saa nne nilikwenda kumwekea Nesta nywila, na kufuta vikao vya zamani ili nafasi iwepo. Chumba kilikuwa kimya bila cherehani. Nesta aliweka ndoo ya maji mahali pa Faith, nadhani ili pasionekane patupu. Nikaketi, na safari hii, kwa kuwa nilikuwa nafuta na sikutaka kukosea, niliita orodha kamili, ile inayoonyesha karibu na jina muhuri wa saa ambao kompyuta yenyewe inaupiga faili linapoandikwa.

Kikao cha saa kumi na dakika hamsini kilikuwa na muhuri wa saa kumi na dakika hamsini. Sawa. Kikao cha saa kumi na dakika arobaini kilikuwa na muhuri wa saa kumi na moja na dakika arobaini.

Wazo langu la kwanza, na naliandika hapa ili aibu yangu iwe kamili, lilikuwa kwamba Faith ni hatari kuliko nilivyodhani. Hata jina la faili amelibadilisha. Mshona sare, mtu ambaye hata kutuma picha kwa simu humwomba mwanawe, nilimpa ufundi ambao mimi mwenyewe ningeufanya kwa jasho.

Nikatazama vikao vingine ili nione amechezea vingapi. Vingi vilikuwa sawa, jina na muhuri vimelingana. Lakini Alhamisi ya wiki iliyopita kimoja kilipishana, na Jumanne ya kabla yake viwili. Vyote vilipishana kwa saa moja kamili, haipungui hata dakika. Nikamuuliza Nesta siku hizo kulikuwa na nini. Akafikiri. Asubuhi baada ya Alhamisi ile alikuta ukurasa wa zamani, akadhani amesahau mwenyewe, akaandika upya. Nikamuuliza intaneti alipata wapi. Akasema kwa Faith, bando lake la Zambia, si unajua la kwao linadumu.

Saa moja kamili. Hapa Tunduma mtoto wa chekechea anajua saa moja hiyo ni nini. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na hakuna mtu wa mji huu anayepanga kukutana na mwenzake bila kuuliza: saa ya Bongo au ya Zambia? Tunauliza kwa fundi, kwa dereva, kwa mchungaji, kwa mchumba. Mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa nimemuuliza mteja hivyo. Kompyuta sikuwahi kuiuliza. Niliiruhusu ijipangie saa yenyewe kufuatana na mtandao inaoupata, nikaona nimeirahisishia maisha.

Nilitoa simu yangu, nikawasha laini yangu ya Zambia, nikaiunganisha na kompyuta, nikatoa kihariri mbele ili niione saa ya kwenye kona. Ilikuwa saa nne na robo. Tukakaa tunaitazama, mimi na Nesta, kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Ikageuka saa tatu na robo.

Basi ndiyo hivyo. Nesta alifunga kazi saa kumi na moja na arobaini ya kwetu, kompyuta, ikiwa imejishika na laini ya Zambia, ikaandika jina la kumi na arobaini; muhuri wenyewe hauna nchi, huonyeshwa kwa saa ambayo kompyuta inaitumia wakati unautazama. Asubuhi programu yangu ikatafuta saa kubwa kuliko zote, ikaona kumi na hamsini, ikachukua hiyo. Hakuna aliyefuta kitu. Kikao kilikuwepo muda wote, mstari mmoja juu ya kile nilichokionyesha kwa kidole mbele ya watu.

Nikakifungua. Kurasa tatu zikaja zote, mpaka sentensi ya mwisho ambayo mzee aliiacha katikati. Nesta alisoma kimya, kisha akarudia sehemu moja kwa sauti. Mzee Ngusa Jumatatu alikuwa amesema kwamba mwaka aliofika bondeni, baba yake Yonasi ndiye aliyemwonyesha mahali pa kunyweshea, na ng'ombe wake walipokwama kwenye tope, Yonasi mwenyewe, wakati huo kijana, aliingia na kamba. Nesta alimuuliza kama aliona, na mzee akasema aliona, kamba alishika yeye upande wa pili. Katika maelezo yaliyokwenda Chitete hayo hayamo. Kuna tu mwanamke aliyefuta maneno.

Tulimpigia mzee mara tano, hapatikani. Mara ya sita akapokea. Alikuwa amekwisha kukabidhi.

Nilijisikia vibaya, sitafuti neno zuri zaidi. Nilimwambia Nesta tuandike karatasi nyingine niipeleke Chitete mwenyewe Alhamisi, pamoja na zile kurasa tatu. Akaketi, akafungua ukurasa mpya, akainua vidole.

"Jina lako," akasema.

"Nesta, mimi tena?"

"Jina lako."

Nikajitaja. Akaniuliza kazi yangu, akaniuliza nilichofanya Jumanne. Nikaeleza nilivyoona orodha ya vikao, nilivyogundua kimoja hakipo, nilivyojua Faith alibaki ndani.

"Ulimwona akifuta?"

"Sikumwona."

"Uliambiwa na mtu kwamba amefuta?"

"Sikuambiwa."

Akasubiri. Nikasema nilikisia. Akaandika: alikisia. Miaka yote ile sijawahi kumwona akiandika neno hilo kwenye maelezo ya mtu. Nikaweka sahihi.

Saa tisa, ya Bongo, tulikwenda kwa Faith. Alikuwa ameiweka cherehani barazani kwake, mbele ya mlango, na alikuwa anashona zile kola zilezile. Alitukaribisha vizuri, akatuletea viti, na ukarimu huo ulinichoma kuliko kama angetufukuza. Nesta alimsomea karatasi yote. Nilivyosoma majina bila muhuri, nilivyosahau saa ya Zambia, nilivyomtaja bila kumwona, kwamba hana kosa lolote. Faith alisikiliza huku mguu wake umetulia kwenye kikanyagio. Aliniuliza swali moja tu, kama zile kurasa zimepatikana. Nikasema zimepatikana zote. Akasema afadhali, mzee wa watu alitoka mbali.

Niliomba radhi, na nilivyoomba najua mwenyewe. Akasema amesikia.

Kisha akamgeukia Nesta, akamtazama kama alivyomtazama Jumanne.

"Na wewe," akasema, "uliona kwa macho yako, au uliambiwa?"

Miaka kumi na mmoja alilisikia swali hilo akiwa amekaa dirishani, kila siku, likiulizwa watu wengine.

Nilitaka kumsaidia, nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Niliambiwa," akasema Nesta.

"Kwenye karatasi hakuna."

Kweli hakukuwa. Tulikuwa tumeandika kosa langu lote, kwa urefu na kwa uaminifu, na jina la Nesta halikutajwa mahali popote. Wala mimi sikuona kwamba limekosekana, mimi ninayejisifu kwa kuona.

Nesta aliomba kalamu. Faith akavuta droo ya cherehani, akampa ile ya kuchorea vitambaa, hakukuwa na nyingine. Nesta akashuka kitini, akakaa chini kwenye sakafu ya baraza, akaiweka karatasi juu ya goti, na chini ya sahihi yangu akaandika kwa mkono: Mimi Nesta Namwinga nimemjua Faith Nanyangwe miaka kumi na mmoja. Sikuona kitu. Niliambiwa na kaka yangu, nikanyamaza, na aya ile niliiandika mimi. Akaweka sahihi na tarehe.

Alipofika kwenye saa alisita, akamuuliza Faith ni saa ngapi. Faith akatazama simu yake, akamtajia, na kabla hajaulizwa akaongeza kwamba ni ya kwetu.